MAFIGA MATATU YA KAMERA: Jinsi ya Kuchagua Stendi ya Kupigia Picha za Mandhari na za Safari

Mpenzi msomaji, jifya moja haliinjiki chungu. Ndivyo walivyonena wahenga, nao hawakukosea hata chembe. Hebu tazama mafiga jikoni kwa nyanya. Ni matatu, si mawili wala si manne. Yapange popote, hata pale ambapo sakafu ya udongo ina mabonde, na chungu kitakaa kitulie. Ongeza la nne uone vile chungu kitaanza kucheza, kwa sababu moja kati ya yale manne halitakigusa sawasawa. Dawati la miguu minne nalo lina tabia hiyo hiyo. Nani kati yetu hajawahi kukunja karatasi akaisukuma chini ya mguu mmoja ili aandike kwa raha? Katika hisabati tunaambiwa kwamba nukta tatu zisizo kwenye mstari mmoja daima huwa na uso mmoja bapa unaopita katika zote. Nukta ya nne haina ahadi hiyo.

Hiyo ndiyo siri ya stendi ya kamera, ambayo wengine huiita tripodi. Ni mafiga ya kubebwa. Katika somo hili nitaeleza kazi yake, sehemu zake, na namna ya kuichagua ikiwa nia yako ni kupiga picha za mandhari na za safari. Funzo langu kuu ni hili, na nalisema mapema ili usilisahau: usinunue kimo, nunua utulivu, kisha kati ya stendi zilizo tulivu, chukua ile ambayo mabega yako yatakubali kuibeba.

1. KWA NINI KAMERA IHITAJI STENDI?

Picha ni mwanga uliokusanywa. Mwanga ukiwa mwingi, kama saa sita za mchana, kamera hufungua shata yake kwa muda mfupi mno, pengine sehemu moja ya mia tano ya sekunde. Katika muda huo mkono wako hauna nafasi ya kutikisika. Lakini mwanga ukipungua, shata hukaa wazi zaidi, na hapo ndipo mkono unapokusaliti. Hata ukizuia pumzi, moyo unadunda bado!

Wapiga picha wana kanuni moja rahisi ya kukadiria. Ukishika kamera kwa mkono, usiruhusu shata ikae wazi zaidi ya sekunde moja ukigawanya kwa urefu wa lenzi. Lenzi ya milimita 50 isizidi 1/50 ya sekunde. Ya milimita 200 isizidi 1/200. Kanuni hii ilikadiriwa kwa kamera za filamu ya milimita 35, na siku hizi lenzi nyingi zina mtambo wa kupunguza mtikisiko. Hata hivyo, mtambo huo una kikomo chake.

Sasa tuseme unataka picha ya mandhari ambayo jiwe lililo miguuni pako na mlima ulio mbali vyote vionekane vizuri. Itakubidi upunguze tundu la lenzi. Ikiwa kwenye f/4 kamera ilihitaji 1/60 ya sekunde, hesabu inakwenda hivi: f/5.6 ni 1/30, f/8 ni 1/15, f/11 ni 1/8, na f/16 ni 1/4 ya sekunde. Robo ya sekunde mkononi! Utapata picha iliyovurugika kama maandishi yaliyomwagikiwa maji.

Kuna picha moja ya kale inayolieleza jambo hili vizuri kuliko mimi. Mnamo mwaka wa 1838, Mfaransa Louis Daguerre alipiga picha ya barabara ya Boulevard du Temple jijini Paris. Barabara hiyo ilikuwa na pilkapilka za watu na magari ya farasi. Ajabu ni kwamba katika picha inaonekana karibu tupu. Kwani wote walienda wapi? Walikuwepo, ila kamera iliachwa wazi kwa dakika kadhaa, na aliyetembea hakuacha alama. Aliyeonekana ni mtu mmoja aliyesimama kung'arishiwa viatu, pamoja na mng'arishaji wake. Kilichotulia ndicho huandikwa na mwanga. Ikiwa kitu kisichotulia hupotea, je, itakuwaje kamera yenyewe isipotulia? Kila kitu kitavurugika, hata mlima ambao haujahama tangu uumbwe.

2. SEHEMU ZA KUANGALIA

(a) Uzito inaoweza kustahimili. Pima kamera yako pamoja na lenzi nzito kuliko zote ulizo nazo. Tafuta stendi ambayo uwezo wake ni angaa mara mbili ya uzito huo, na ikiwezekana mara tatu. Kamera na lenzi zikiwa kilo 1.2, mara tatu ni kilo 3.6. Tahadhari lakini: watengenezaji hawana kipimo kimoja wanachokifuata wote wanapoandika uwezo huo kwenye boksi. "Inabeba" kwa mwingine maana yake ni kwamba haitavunjika, si kwamba haitatikisika. Kwa hiyo, jaribu kwa mikono yako.

(b) Kimo na idadi ya vipande. Kila mguu umetengenezwa kwa mirija inayoingiana kama mkonga wa darubini za mabaharia. Miguu yenye vipande vitatu huwa mirefu ikikunjwa, lakini hufunguliwa haraka na huwa imara zaidi. Yenye vinne au vitano hukunjika ikatosha kwenye begi, lakini vipande vya chini huwa vyembamba kama fimbo za kuchungia mbuzi. Kwa msafiri, vinne mara nyingi ni maafikiano mazuri. Pima kimo nguzo ya kati ikiwa chini kabisa. Si lazima kamera ifike machoni. Kamera za dijitali zina kioo nyuma, na kuinama kidogo si kuvunjika mgongo.

(c) Nguzo ya kati. Hii ndiyo hupendeza wanunuzi na kuwaponza. Ukiinua nguzo, kimo huongezeka lakini kitako hakipanuki hata kidogo. Wanafunzi wa fizikia watakumbuka momenti: nguvu mara umbali. Upepo ule ule unaosukuma kamera kwenye kimo cha mita 1.2, ukiisukuma kwenye mita 1.5 nguvu ya kuiangusha huongezeka kwa robo nzima. Isitoshe, juu ya mafiga yako matatu sasa umesimamisha fimbo moja. Si tumesema jifya moja haliinjiki chungu? Nguzo iinuliwe mwisho kabisa, wakati huna njia nyingine.

(d) Mali ghafi. Alumini ni imara na bei yake ni nafuu, lakini ina uzito, na kwenye baridi kali hukugandisha vidole. Nyuzi za kaboni ni nyepesi zaidi na humeza mitetemo vizuri, ila bei yake itakutoa jasho. Plastiki kwenye maungio ya miguu ni dalili mbaya. Mguu unaweza kuwa wa chuma safi, lakini kama bega lake ni la plastiki, ugonjwa uko begani.

(e) Kichwa. Kuna kichwa cha mikono, ambacho kila mkono huongoza upande wake: juu na chini, kushoto na kulia, na kulaza. Ni cha watu wenye subira na ni kizuri kwa kupanga picha kwa makini, lakini kina uzito na mikono yake hukwama begini. Kuna pia kichwa cha gololi, ambacho hulegezwa kwa kitasa kimoja, ukageuza kamera upendavyo, ukakaza. Ni chepesi na cha haraka, hivyo wasafiri wengi hukipenda. Kasoro yake ni kwamba gololi ya bei ya kutupa huteleza: unakaza, unaachilia, kamera inainamisha pua polepole kama mwanafunzi anayesinzia kwenye preni za jioni.

(f) Vifungio na nyayo. Vifungio vya klipu hufungwa kwa kubana. Unaona kwa macho kama kimefunga. Vya kuzungusha havinasi nguo wala matawi, ila mchanga ukiingia husaga. Nyayo za mpira hufaa kwenye saruji na mawe. Za ncha hufaa kwenye nyasi na udongo. Nyingine zina zote mbili.

(g) Skrubu. Skrubu inayoingia chini ya kamera ni ya robo inchi, na kipimo hicho kimedumu toka enzi za filamu. Fundi mmoja wa picha mtaani kwetu, anayepiga picha za harusi na mahafali, ana stendi iliyochubuka rangi yote. Nilimwuliza, "Fundi, kwani hii ina umri gani?" Akacheka. "Hii ni ya tangu kamera za filamu, kijana. Kamera nimebadilisha mara tatu. Miguu ni ile ile." Maneno hayo yalinifunza kwamba stendi nzuri si ya kamera moja. Ni ya maisha.

3. CHAGUA KULINGANA NA NCHI UNAYOITEMBEA

Vitabu vingi vya upigaji picha vimeandikwa na watu wa nchi za mbali ambako machweo huchukua muda mrefu. Kwetu sisi tuliopitiwa na ikweta, jua hushuka karibu wima. Likishatua, haipiti nusu saa kabla ya mwanga wa kusomea gazeti kwisha. Kwa hiyo stendi inayochukua dakika tano kufunguliwa itakuta rangi za mbingu zimeaga. Kwetu, wepesi wa kufungua ni sifa kubwa pia.

Hata mabingwa wameonja haraka hiyo. Novemba 1, 1941, Mmarekani Ansel Adams alikuwa akiendesha gari karibu na kijiji cha Hernandez, jimbo la New Mexico, alipoona mwezi umechomoza huku jua la mwisho likiimulika misalaba ya makaburi. Akasimamisha gari, akaharakisha kutega kamera yake kubwa. Kipima mwanga hakikuonekana, akakadiria kwa akili. Akaacha shata wazi kwa sekunde 1. Kabla hajapiga ya pili, mwanga ukaondoka juu ya misalaba. Ile moja ikawa miongoni mwa picha mashuhuri zaidi duniani. Jiulize: kama miguu ya stendi yake ingekwama?

Sasa tutembee nchini mwetu. Kwenye vilima vya Ngong upepo ni mwingi hata mitambo ya kuzalisha umeme ikajengwa huko. Pale unahitaji stendi yenye kulabu chini ya nguzo ili utundike uzito. Kiondo chenye mawe chatosha kabisa. Stendi ya kilo 1.6 na kamera ya kilo 1.2 ni kilo 2.8, ongeza mawe ya kilo 3 na jumla ni 5.8, zaidi ya maradufu. Lakini kiondo kiguse ardhi kidogo, la sivyo kitabembea na kuitikisa stendi uliyotaka kuituliza.

Kwenye Maporomoko ya Thomson kule Nyahururu, Mto Ewaso Narok unaanguka mita 74. Ukitaka maji yaonekane laini kama pazia la hariri, acha shata wazi nusu sekunde hadi sekunde mbili. Hapo hakuna mkono wa binadamu utakaofaulu. Tena mawe huwa yamelowa, basi nyayo ziwe za mpira usiochakaa.

Ukipanda Mlima Kenya kuelekea Lenana, mita 4,985, kila gramu huwa deni. Huko stendi nyepesi ina haki yake. Na ukiteremka pwani, maadui ni mchanga na chumvi: ukirudi kutoka ufuoni, osha miguu kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ifute, iache wazi ikauke.

4. MFANO: STENDI MBILI NA SHILINGI 6,500

Nadharia bila mfano ni ugali bila kitoweo. Chama chetu cha Kiswahili kimechanga shilingi 6,500 kwa ajili ya stendi kabla ya ziara ya Nyahururu, na wanachama wamegawanyika. Dukani kuna mbili tulizozipima.

Stendi ya kwanza ni shilingi 2,500. Inafika sentimita 170 nguzo ikiinuliwa, uzito wake ni kilo 1.1, maungio ni ya plastiki, na kwenye boksi imeandikwa kwamba inabeba kilo 3. Stendi ya pili ni shilingi 6,000. Inafika sentimita 140 tu, uzito wake ni kilo 1.6, ni ya alumini hadi maungioni, ina kulabu na kichwa cha gololi, na inabeba kilo 8.

Wengi wanaitaka ya kwanza kwa sababu ni ndefu. Nao mwekahazina wetu, dada mwenye hesabu kali, ametoa hoja nzito zaidi. "Tukichukua ya bei nafuu," alisema mkutanoni, "zile 4,000 zinazobaki zitawalipia nauli wenzetu ambao hawajamaliza mchango. Ama mnataka picha nzuri za ziara ambayo nusu yetu hatukwenda?"

Ukumbi ulinyamaza, na mimi pia. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Chama ni watu, si vyombo. Lakini nikiirudia kwa utulivu naona kwamba inatufunza tusinunue stendi ya pili sasa. Haitufunzi tununue ya kwanza. Kamera tunayotumia tumeiazima kwa mzazi wa mwenzetu. Pamoja na lenzi ni kilo 1.2, na mara tatu yake ni kilo 3.6, ambayo tayari inapita uwezo wa stendi ya kwanza. Kamera ya watu ikianguka kwenye mawe ya Nyahururu, nauli hizo zitakuwa za nani?

Kuna njia ya tatu. Shona mfuko wa kitambaa kizito, kama kile cha khaki, uutie kilo moja ya maharagwe makavu. Uweke juu ya jiwe, ukuta au ua, laza kamera juu yake uikandamize kidogo. Maharagwe hujipanga kulingana na umbo la kamera na kuishika tuli. Wapiga picha wa wanyama hutumia mifuko hiyo kwenye madirisha ya magari, injini ikiwa imezimwa. Kasoro yake ni kwamba unategemea kimo cha jiwe ulilopata.

Rai yangu, basi, ni hii. Pesa zikitosha yote mawili, tuchukue ya pili. Zisipotosha, nauli za wenzetu zitangulie, tuende na mfuko wa maharagwe, na stendi ya pili tuingoje. Siku ya wazazi tunaweza kupiga picha za familia kwa shilingi 50. Picha 70 ni shilingi 3,500. Kununua ya kwanza ni kulipa mara mbili: leo kwa ajili ya stendi, kesho kwa ajili ya kamera. Rahisi ghali, bwana.

5. MAJARIBIO YA KUFANYA DUKANI

Usione haya mbele ya muuzaji. Kabla hujapatana bei:

Kwanza, fungua miguu yote mpaka mwisho, kaza, kisha bonyeza kutoka juu kwa viganja. Kipande chochote kikiteleza kurudi ndani, kifungio ni kibovu.

Pili, shika kichwa ukisokote kidogo kushoto na kulia. Miguu ikicheza kama kiuno cha mcheza chakacha, rudisha.

Tatu, funga kamera yako halisi, kuza taswira kwenye kioo cha nyuma, kisha gonga mguu kwa kidole. Hesabu muda ambao taswira inachukua kutulia. Linganisha stendi mbili kwa njia hiyo.

Nne, elekeza kamera chini nusu, kaza kichwa, achilia. Ikiinama, hiyo gololi ni ya watoto kuchezea.

Tano, ikunje, itie begini, utembee nayo dukani. Fikiria uko ndani ya matatu iliyojaa na makanga anasema, "Sogea mwingine aketi." Kama huwezi kuipakata, hutaibeba, na stendi iliyoachwa nyumbani haijawahi kutuliza kamera yoyote.

6. UKISHANUNUA

Fungua vipande vinene vya juu kwanza, vyembamba vya chini viwe vya mwisho. Kwenye mteremko, miguu miwili iwe upande wa chini na mmoja upande wa juu. Usibonyeze kamera kwa kidole shata ikiwa ya polepole. Tega saa ya kamera ya sekunde 2 uondoe mkono. Kama lenzi yako ina mtambo wa kupunguza mtikisiko, izime, kwani lenzi nyingine hutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuuleta zenyewe. Wanaotumia simu nao wasijione wametengwa: picha za usiku za simu huchukua sekunde kadhaa, na kishikio kidogo chenye skrubu ya robo inchi kitaiweka simu juu ya mafiga yale yale.

Mpenzi msomaji, hapa ndipo nitiapo nanga. Nchi yetu haijapungukiwa na mandhari. Kilichopungua ni mikono iliyotulia. Chagua mafiga yako vyema, chungu kisije kikamwagika.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini stendi ina miguu mitatu wala si minne?
2. Lenzi ya milimita 100 ishikwe mkononi kwa kasi gani ya shata angaa?
3. Kamera na lenzi zina kilo 1.5. Ukifuata kanuni ya mara tatu, stendi iwe na uwezo gani?
4. Eleza kwa kutumia momenti hatari ya kuinua nguzo ya kati.
5. Mwekahazina alitoa hoja gani? Ungemjibuje?